Pesa ya simu haijapunguza bei ya kuugua

"Mama kalazwa Sekou Toure, wanataka vipimo. Tuma na ya kutolea." Mtu yeyote wa Mwanza ameshapokea ujumbe wa namna hii, au ameshautuma. Unaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp saa nne usiku. Kabla ya saa tano kaka aliyeko mgodini Geita ametuma, dada wa Dar es Salaam ametuma, shemeji wa Kahama ameahidi kesho asubuhi, na mhazini wa kundi ameshaanza kuorodhesha majina na kiasi. Mama anapimwa usiku huohuo. Miaka 20 iliyopita fedha hiyo ingepanda basi ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta, ikafika kesho kutwa kama ingefika.

Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajawahi kuuguza akiwa mbali. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Wengine wakafuata, na tangu 2014 mitandao yetu ikaanza kutumiana fedha yenyewe kwa yenyewe, jambo ambalo nchi nyingi zilichelewa kulifikia. Kwa familia isiyo na kadi ya bima, ndugu wenye simu ndio bima. Na familia hizo ndizo nyingi. Wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote inajadiliwa, takwimu iliyorudiwa mara kwa mara ilikuwa kwamba Watanzania wenye bima ya aina yoyote ni kama asilimia 15. Waliobaki hulipa kutoka mfukoni, na mfuko siku hizi uko kwenye laini.

Kutokana na hali hiyo limezuka wazo linalopendwa sana na kampuni za simu, wafadhili na baadhi ya maofisa wetu: kwamba simu hiyohiyo inaweza kuwafikishia watu wa kipato cha chini matibabu nafuu. Weka akiba ya afya kwenye simu. Lipa bima kidogo kidogo. Kopa ukiugua, utarejesha ukipona. Wazo hili nataka kulipima nikiwa nimesimama huku kando ya ziwa, kwa sababu tunao ushahidi wa pande zote mbili, na kwa sababu naona linachanganya kazi mbili zisizofanana. Kuisafirisha fedha ni kazi moja. Kuipata ni nyingine. Simu inaifanya ya kwanza vizuri ajabu. Ya pili haiiwezi, na sera inayodhani inaiweza itawaumiza watu wale wale iliyokusudia kuwasaidia.

Tuanze na upande wa wanaoisifu, maana wana hoja. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa na kukuta kwamba kaya zenye M-Pesa zilipopatwa na msukosuko, kama vile ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao hayakuyumba. Kaya zisizo nayo, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7. Maelezo yao hayana uchawi wowote: mwenye simu alitumiwa fedha na watu wengi zaidi, na waliokaa mbali zaidi. Mgonjwa akapata hela ya dawa bila kuuza mbuzi au kumtoa mtoto shule.

Hapa Tanzania, mtafiti Emma Riley alitazama vijiji vilivyokumbwa na mvua mbaya na akapata picha ileile, ila na mkia wake. Watumiaji wa pesa ya simu walikingwa. Jirani zao wasioitumia, katika kijiji hichohicho, hawakuonja chochote. Fedha iliyoingia kijijini kwa simu ilibaki kwa aliyetumiwa. Mkia huo ndio unaonishughulisha. Kule visiwani Ukerewe na Kome, na hata ukipanda tu miamba ya Mabatini hapa mjini, asiye na mtu wa kumtumia hakosi teknolojia. Anakosa ndugu mwenye mshahara. Ukoo wa wavuvi wenye wavuvi watupu, siku ziwa likigoma, ni ukoo mzima usio na salio.

Halafu kuna makato. Ile "na ya kutolea" imekuwa adabu ya kutuma fedha nchi nzima: usimtumie mgonjwa 20,000 kamili, mwongezee na ya wakala. Kila mchango wa matibabu unakatwa unapotumwa na unakatwa unapotolewa, na mchango mdogo ndio unaoumia zaidi ukiupima kwa asilimia. Watu kumi wakichanga elfu tano tano, kampuni ya simu imeshachukua sehemu yake mara kumi kabla daktari hajachukua yake.

Serikali nayo ilitia mkono. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Kelele zilikuwa kubwa. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kushushwa. Sehemu ya sababu iliyotolewa ilikuwa ujenzi wa vituo vya afya. Yaani kijana wa Buhongwa anayemtumia mama yake hela ya dawa alikatwa ili kijengwe kituo cha afya cha kumtibu mama huyo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, na bado naamini kodi inayomkuta mtu akiwa anauguza ni kodi mbaya. Lakini haki ya tozo ile itendwe: ndiyo pekee, katika makato yote haya ya simu, iliyochukua kidogo kwa wengi na kukiweka pamoja kwa ajili ya matibabu ya mtu wasiyemjua. Mengine yote yamemwachia kila mtu mzigo wake na kumpa njia ya haraka zaidi ya kuubeba.

Kwenye dirisha la malipo la hospitali ya umma, mabadiliko yanaonekana kwa macho. Zamani ulimpa karani noti, akakupa risiti, au asikupe. Sasa unapewa karatasi yenye kontrol namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, kupitia mfumo wa malipo ya serikali ulioanza mwaka 2017. Ndugu wa mgonjwa anakaa kwenye benchi na kitochi chake, anabonyeza *150*00#, anasoma tarakimu kwa sauti huku binti wa pembeni akimsahihisha, anakosea, anaanza upya, ujumbe unagoma kuingia, mtu mwingine anasema toka nje ukatafute mtandao. Mzee aliyekuja na noti zake kutoka Kwimba, zimefungwa kwenye leso, inabidi amtafute kijana wa wakala nje ya geti amlipie. Inachosha. Hata hivyo, fedha ikishalipwa kwa njia hiyo inaonekana kwenye akaunti ya serikali, na mwanya wa kupotelea kwenye droo ya mtu unakuwa mdogo. Uongozi wa hospitali unaojua umekusanya kiasi gani jana unaweza kununua dawa kesho. Kwa mizani yangu, hapa simu imeshinda, pamoja na usumbufu wa benchi.

Ila tuseme wazi imeshinda nini. Imeimarisha ukusanyaji, nao ni faida ya hospitali kwanza. Mgonjwa anafaidika baadaye, iwapo fedha hizo zitageuka dawa. Sera yetu ya afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo. Wanaoandikiwa dawa ambayo dirishani haipo, wakaambiwa wakaitafute duka la dawa la mtaani, wanajua msamaha huo unaishia wapi. Hakuna kontrol namba inayojaza rafu.

Sasa njoo Sengerema. Mfano wenye nguvu kuliko yote haukutoka Nairobi. Ulianzia hapa Kanda ya Ziwa, Sengerema na upande wa Shinyanga, na leo nchi nzima inaujua kwa jina la m-mama. Tatizo lililolengwa ni lile la usiku: mama amejifungua zahanati ya kijijini, damu haikati, gari la wagonjwa liko hospitali ya wilaya au limepeleka mwingine, na mwenye gari kijijini hataki kuwasha mpaka aone hela. Familia inaanza kupiga simu kwa wajomba. Saa zinakwenda.

Mpango huo, ulioasisiwa na taasisi ya Vodafone na Touch Foundation pamoja na serikali, na fedha za Wamarekani zikiwemo, uliukata mnyororo huo mahali pake. Mhudumu wa zahanati anapiga 115, namba ya bure. Mratibu anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa, anapima uzito wa hali, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa karibu na pale, mtu wa kawaida mwenye gari lake. Dereva anampeleka mama. Wakifika, mhudumu anathibitisha, na nauli inaingia kwenye M-Pesa ya dereva. Dereva hakopeshi mtu, familia haichangishi, na hakuna anayeulizwa "hela iko wapi" huku mama anatoka damu. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo kuwa wa kitaifa.

Waasisi wake wanasema katika maeneo ya majaribio vifo vya uzazi vilipungua kwa asilimia 27. Takwimu ya mwenye mradi huisomi ukiwa umefumba macho. Kwa nchi nzima, utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Kitu kinaposhuka hivyo kila mahali, pamoja na mahali ambapo mpango haukuwapo, ni vigumu kumgawia kila mmoja sifa yake. Lakini hata ukiipunguza asilimia ile nusu, ubunifu wenyewe unasimama. CCBRT ya Dar es Salaam ilishafanya jambo la jamii hiyo tangu 2009: wanawake wenye fistula waliokuwa wanakosa nauli tu ya kufika kwenye matibabu ya bure walitumiwa nauli kwa M-Pesa kupitia mtu aliyewatambua kijijini.

Tazama vizuri fedha inakwenda upande gani katika mifano hii miwili. Haitoki kwa mgonjwa kwenda hospitali. Inatoka kwenye mfuko wa pamoja, wa serikali au wa wafadhili, kwenda kwa dereva au kwa mgonjwa. Simu hapa ni bomba, na bomba ni zuri kwa sababu kuna tangi limejaa upande wa juu. Ndiyo maana swali la hatima ya m-mama halihusu mtandao wa simu hata kidogo. Linahusu bajeti. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa mwaka 2025, na kila mpango wa afya uliokuwa na shilingi yake ndani umelazimika kuhesabu upya nani analipa.

Upande wa pili wa wazo, ule wa akiba binafsi ya afya kwenye simu, umejaribiwa zaidi kwa jirani zetu. M-TIBA ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Safaricom, PharmAccess na CarePay, ilikuwa mkoba wa simu ambao fedha yake haitoki ila kwa matibabu, kwenye vituo vilivyosajiliwa. Ilisifiwa dunia nzima, na watu walijiandikisha kwa mamilioni. Ila sehemu kubwa ya fedha iliyopita humo haikuwa akiba ya wenyewe. Ilikuwa ya wafadhili na ya mipango ya bima, ambayo ilipata njia safi ya kulipa zahanati na kuona kila shilingi imetibu nini. Kwa maneno mengine, ilifaulu kuwa bomba na ikashindwa kuwa tangi.

Sioni ajabu. Nenda mwaloni, panaposhushwa samaki, Kirumba au Igombe ukaulize fedha inavyoingia. Dagaa huvuliwa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, wavuvi wanatengeneza nyavu na kucheza drafti. Mama anayenunua kwa ndoo na kuanika kwenye chanja anafuata kalenda hiyohiyo: siku za giza ana fedha mkononi, siku za mbalamwezi anakula alichobakisha, na mvua ikinyesha dagaa wakiwa chanjani anakuwa amepata hasara bila kuugua. Mtu huyu ukimwambia aweke akiba ya afya, akaweka elfu mbili kila giza, na mtoto akalazwa miezi mitatu baadaye kwa malaria kali ikalazimu aongezewe damu, akiba yake inakwisha siku ya kwanza wodini. Amejitahidi, na bado anatuma ujumbe kwenye kundi la ukoo. Ugonjwa mkubwa hauwezi kuwekewa akiba na mtu maskini mmoja mmoja. Hilo ndilo bima iliundwa kulitatua, na ilikuwa hivyo kabla simu hazijafika.

Basi je, simu iuze bima? Hapa ndipo mizani inapoanza kutikisika, kwa maana naona hoja nzuri na mitego mingi pamoja.

Hoja nzuri ni kalenda. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, imekuwa ikitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, huduma hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa bei hiyo sioni bima nyingine nchini inayoisogelea. Lakini 30,000 kwa mkupuo, kipindi cha mbalamwezi, ni fedha nyingi. Wakati 2,500 kwa mwezi, ikikatwa siku fedha imeingia, haimlizi mtu. Kenya wanajifunza somo hilo kwa gharama. Mfumo wao mpya wa bima ya afya, SHA, ulipoanza Oktoba 2024 uliwataka wasio na ajira rasmi walipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Mama mboga na mtu wa boda wakakaa pembeni. Mwaka uliofuata serikali ikaja na Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia mchango huo kwa awamu. Yaani mtu anakopa ili apate bima ambayo kazi yake ni kumkinga asikope. Ingekuwa rahisi zaidi kupokea kidogo kidogo tangu mwanzo.

Ghana ndiko mambo yamekwenda vizuri zaidi. Tangu Desemba 2018 mwanachama wa bima yao ya taifa anahuisha kadi kwa kubonyeza *929# kwenye simu, na foleni za ofisi za wilaya zikapungua. Wengi huishia kusimulia hapo. Wasichosema ni kwamba bima ya Ghana haiishi kwa michango ya wanachama. Inaishi hasa kwa asilimia 2.5 inayotozwa juu ya bidhaa na huduma pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Michango ya watu wa kawaida ni sehemu ndogo ya kapu. Simu ilipofika, kapu lilikuwa limeshajazwa na kodi.

Mtego wa kwanza ni wa wagonjwa watupu. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi tuliipenda. Mfuko ulilalamika kwamba wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto wakiwa tayari wagonjwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule. Wazazi walikasirika, nami nawaelewa, ila hesabu ya mfuko haikuwa ya uongo. Sasa fikiria urahisi wa simu: ukiwa kwenye benchi la hospitali unaweza kununua bima kwa dakika mbili. Kadiri kujiunga kunavyokuwa rahisi na kwa hiari, ndivyo anayejiunga anavyokuwa yule anayejua ataitumia kesho. Unaweza kuweka muda wa kusubiri, lakini hapo ndipo unapokutana na mama wa Igombe akiwa na mtoto anayechemka na ujumbe kwenye simu unaomwambia bima yake itaanza baada ya siku kadhaa.

Mtego wa pili ni mwenye mtandao. Zimbabwe mwaka 2010 kampuni ya Econet ilianzisha EcoLife, bima ya maisha iliyoambatanishwa na kununua muda wa maongezi. Ndani ya miezi michache karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa amejiunga. Mwaka 2011 Econet ikagombana na mshirika wake kuhusu malipo ya mfumo, na bima ikazimwa. Wanachama hawakuwa wamefanya kosa lolote. Bima ile haikuwa ya matibabu, lakini funzo linavuka: kinga ya familia ilikuwa imefungwa kwenye mkataba wa kampuni mbili ambao mwanachama hakuwahi kuusoma.

Mtego wa tatu unatuhusu zaidi sisi, kwa sababu tunaishi ndani yake sasa hivi. Simu hiyohiyo inayopokea michango inakopesha. Salio likipungua unaongezewa, muamala unakamilika, kesho unakatwa na cha juu. Kwa biashara ndogo hiyo inaweza kuwa nafuu. Kwa matibabu ni hatari, maana ugonjwa hauzalishi faida ya kurejeshea. Anayekopa ili alipie upasuaji anatoka hospitalini hana nguvu za kufanya kazi na ana deni. Huko pembeni wapo wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya, na programu za mikopo zinazochukua orodha ya majina kwenye simu yako na kuwaaibishia watu wako wote siku ukichelewa. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ndefu ya programu zinazofanya kazi bila leseni. Mtu akiniambia "mkopo wa afya wa kidijiti" ni ubunifu, namuuliza tofauti yake na kausha damu ni nini zaidi ya rangi ya nembo.

Sitakaa sana kwenye utapeli, ingawa hakuna anayeuguza ambaye hajapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wala sitakaa sana kwenye taarifa binafsi, ambazo tangu 2023 zina sheria na tume yake. Niseme jambo moja tu la laini. Tangu usajili wa alama za vidole, laini inakwenda na kitambulisho cha NIDA, na kule visiwani wapo wengi wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, la tajiri mwenye mtumbwi, au la mtu aliyekwisha kuondoka. Bima ikifungwa kwenye laini, mke aliyeachwa anaondoka kwa mumewe bila bima. Kadi ya karatasi, pamoja na kuloana na kupotea kwake, haikuwa na tatizo hilo.

Kwa hiyo upande wangu ni huu. Pesa ya simu itumike kwa nguvu zote pale ambapo mfuko wa pamoja upo na unataka kumfikia mtu: nauli ya mama mjamzito, posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, malipo ya CHF kwenda zahanati ya Irugwa au Ukara bila mganga mfawidhi kupanda feri kuyafuatilia. Itumike pia kupokea mchango wa bima vipande vipande. Isitumike kama kisingizio cha kuuacha mfuko huo mtupu, kwa hoja kwamba wananchi sasa "wana njia" za kujilipia. Baada ya feri ya MV Nyerere kuzama Septemba 2018 na watu 228 kufa, sehemu ya rambirambi zilizochangwa na Watanzania ilielekezwa kuboresha kituo cha afya cha Bwisya, palepale Ukara. Fedha ile iliwekwa pamoja, ndiyo maana ikageuka majengo. Ingegawanywa kwenye laini za wafiwa tu, Ukara ingebaki na kituo kilekile cha zamani.

Najua pingamizi la watu wa mialoni, na lina uzito. Ukisema mchango wa CHF ukatwe siku za giza, samaki wanapouzwa, mvuvi anasikia ushuru mwingine. Ameshalipa leseni, ameshalipa ushuru wa halmashauri, tajiri ameshakata mafuta na nyavu. Halafu anakwenda zahanati anaambiwa dawa hakuna, nenda dukani. Mwaka wa pili harudi, na hakuna ujumbe wa kumkumbusha utakaomrudisha. CHF nyingi zimefia hapo. Hazikufa kwa sababu kulipa kulikuwa kugumu. Mfumo wa kuandikisha wanachama kwa simu upo tangu ulipojaribiwa Dodoma kwa msaada wa Waswisi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Upande wa kuchukua umeshakuwa wa kisasa muda mrefu, upande wa kutoa ndio unaochechemea.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inatakiwa ijibu hilo, na wengi tutaitazama kwa kuangalia kama bomba jipya limeletewa maji. Huku chini, diwani wa Buchosa au Ukerewe hahitaji kusubiri Dodoma ili auulize mkutano wa baraza maswali mawili. Fedha za CHF zilizokusanywa mwaka jana kwenye kata yake zilifika zahanati ngapi, na baada ya siku ngapi? Na makato ya kuzituma alilipa nani: halmashauri, kampuni ya simu, au mama wa dagaa aliyeongeza na ya kutolea?